Chombo Kikavu

Orrin, jirani yangu hapa Minnesota, hudharau kila kitu isipokuwa maoni yake, na haya alinisimulia mwenyewe. Barafu ilipoyeyuka alichukua boti ya nduguye Elroy, aliyezama ziwani na hajapatikana hadi leo.

“Iache kwanza apatikane, shemeji,” Marlys, mjane wa Elroy, alimsihi.

“Hilo ni bati na injini tu, Marlys. Bati halifiwi.”

Katikati ya ziwa injini ikachemka, ikazima. Kile kijitundu ambacho injini hutemea maji inayoyavuta ziwani ili ijipooze kilikuwa kikavu. Orrin akarudi kwa makasia, akitukana. Ufukoni, mkaguzi wa serikali, anayezuia magugu yasihamie maziwa mengine, alitaka kila tone limwagwe.

“Binti, nikamue na soksi?”

“Kamua tu, mzee.”

Orrin akang'oa kizibo cha boti, akamwaga maji yote, injini ikafungwa kadi rasmi: CHOMBO KIKAVU.

Nyumbani aliingiza bandani trela iliyobeba boti, akachomoa betri na tangi la petroli. Akiwa mezani akasikia maji yakitiririka. Akaenda kutazama. Injini ilikuwa kimya, kadi ya serikali ikining'inia shingoni, na kijitundu kikitema maji sakafuni bila kukoma.

Akayagusa. Yalikuwa vuguvugu, kama mate.