Mawe ya Nyumba ya Mchinjaji

Mkunga aliijua harufu ya damu kuliko mtu yeyote kijijini, kwa hiyo siku aliporudi nyumbani adhuhuri akaikuta imetanda jikoni, hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Alikagua sakafu, akafunua masufuria, akachungulia nyuma ya kuni. Kote kulikuwa safi. Mama mkwe wake, aliyekuwa kibarazani anachambua maharage, alisema hakuna nyama iliyoingia siku hiyo, labda harufu ameileta mwenyewe kwenye nguo huko alikotoka kuzalisha. Mkunga alinusa nguo zake. Hazikuwa na kitu.

Walikuwa hawajamaliza hata mwezi katika nyumba ile. Ilikuwa ndogo, ya mawe, vyumba viwili na jiko, kuta nene kama za ngome. Mumewe, seremala, aliipenda tangu alipoipiga kofi ukutani akasikia ilivyoshiba. Jirani aliyewauzia, mzee waliyemwita Kidevu, aliisifu kwa kila neno alilokuwa nalo, ila hakueleza kwa nini ilikaa tupu miaka yote ile.

Baada ya harufu ikaja sauti. Mchana kweupe, ndani ya ukuta wa jikoni, kisu kilikuwa kinanolewa, taratibu, kwa mkono usio na haraka. Seremala aliicheka mwanzoni, akasema ni panya fundi. Kisha akaacha kucheka. Akawa ananoa randa, patasi na tezo hata siku ambazo hana kazi, huku ameupa uso ukuta ule. Jioni moja mbwa wao alimngurumia. Seremala alimpasua kichwa kwa tezo, pigo moja, akakaa chini. Baadaye akauliza, akilia, ni nani aliyemwua mbwa wake.

Asubuhi yake mkunga alikwenda kwa mganga wa kike aliyekaa ng'ambo ya kinu cha unga. Watu walimwita Mkono Mmoja. Alipotajiwa nyumba, bibi yule alifunga mlango kwanza, ndipo akasema kwamba yeye alizaliwa humo.

Akamsimulia yote. Aliyeijenga alikuwa mchinjaji, mtu mbishi. Kila alipoinua ukuta uliporomoka, kwa sababu kiwanja kilikuwa na mwenyewe, jini lililokaa pale kabla ya kijiji. Mchinjaji akafanya nalo mapatano: nyumba isimame, na kila atakayeimiliki na kukaa humo atatoa mmoja wa watu wake, kwa mkono wake. Akaanza yeye. Alimchinja ndugu yake mahali penye jiko, akachanganya damu na udongo wa kujengea, na kuta hazikuanguka tena. Mwanawe alirithi, akamchoma kisu mkewe akiwa anakanda unga. Kisha nyumba ikanunuliwa na baba yake bibi huyu.

"Alimwendea mama na shoka," alisema. "Nikaweka mkono wangu katikati. Jini likatosheka, maana ilikuwa damu ya nyumba, imemwagwa na mtu wa nyumba. Lakini linatosheka siku moja tu. Tulitoka siku hiyo hiyo."

Mkunga aliuliza kama hakuna dawa ya kulifukuza. Bibi alicheka bila furaha. Aliwahi kwenda na ubani na visomo vyake vyote, akarudi amebebwa, mbavu zimevunjika. Akaongeza kwamba wazee wote wa kijiji wanajua, na Kidevu anajua kuwashinda.

Mkunga hakuaga. Alirudi mbio, na alipoikaribia nyumba alisikia kunoa kule kukitoka nje hadi barabarani, kukali, kwa pupa, na alipousukuma mlango wa jikoni aliona kuta zinatoka jasho jekundu, na chini ya kuta zile mumewe amemlaza mama yake juu ya meza ya useremala, mkono wa kushoto umekamata nywele zake nyeupe, wa kulia umeegemea ukingo wa meza ukiwa na tezo, na bibi kizee paji la uso limepasuka, jicho moja limejaa damu.

Seremala aligeuka. Sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Mkunga, wewe umewaleta wengi duniani. Niachie mmoja nimrudishe."

"Mwanangu," mama mkwe alimnong'oneza mkunga kutoka mezani, "usimwumize mume wako."

Shoka la kuni lilikuwa pale pale mlangoni. Mkunga alilinyanyua kwa mikono miwili, akalishusha kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mumewe, na pigo la kwanza halikumaliza, akalishusha la pili. Mkono ukaanguka na tezo yake. Damu ilitiririka kuelekea ukutani kana kwamba inaitwa, na mawe yakainywa mpaka tone la mwisho. Kunoa kukakoma.

Seremala alimtazama mama yake, akatazama pale mkono wake ulipokuwa, akaanguka. Mkunga alimfunga kwa kamba na kitambaa cha kichwa, na kabla jua halijazama wote watatu walikuwa kwa Mkono Mmoja.

Seremala alipona, ila hakushika randa tena. Ndugu zake ndio walioibomoa nyumba kwa nyundo, na mkunga aliwasihi mawe yatupwe korongoni. Lakini walipofika na punda wa kuyabeba, Kidevu alikuwa ameshayasomba. Alikuwa anamjengea mwanawe chumba, mke wa kijana akiwa na mimba ya kwanza.

Mkunga alimfuata, akamwambia kilichomo ndani ya mawe yale.

"Nyumba imekufa, mama," Kidevu alijibu. "Mawe ni mawe tu."

Uchungu ulipomshika mkwe wa Kidevu, mkunga aliitwa. Alitamani kukataa, akamfikiria yule binti, akaenda. Walikuwa wamemlaza katika chumba kipya. Mkunga alizalisha huku ameupa mgongo ukuta, na ulikuwa na joto kama mwili wa mtu. Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia kwa nguvu.

Mlango ukagongwa hapo hapo. Kidevu alisema, kwa upole mno, kwamba ameleta kisu cha kukatia kitovu.

Hakuna aliyemwomba kisu.

Mkunga alisukuma kitanda mlangoni na mzazi akiwa juu yake, akakata kitovu kwa wembe wake, akafungua dirisha. Alimshusha binti nje, damu bado inamtoka, akamkabidhi mtoto, akaruka nyuma yao. Walikuwa wamefika kwenye uzio aliposikia sauti ya yule kijana, baba wa mtoto, ikitoka ndani.

"Baba, weka chini hicho kisu."

Alisema mara moja tu. Mkunga alimziba binti masikio kwa viganja vyake, wakaendelea kwenda.