Kirusi Hana Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo, maana ukimwita kwa jina lake haitiki. Mimi natengeneza matundu ya vifungo. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anashona vifungo vyenyewe. Sote watatu tunafanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu.

Mama ana macho mabovu na ulimi mkali. Tundu la sindano halioni, lakini kosa lako analiona. Basi kila asubuhi Fundi humtungia sindano kumi. Huulowesha uzi mdomoni, huusokota kwa vidole, hutunga. Uzi ukichomoka, Mama huulamba, hujaribu, hushindwa, hunipa mimi. Nami huulamba. Pini ndizo usiseme. Fundi hubana pini kwa meno akipima nguo, kisha humpa mama yake azitumie. Hatukuona ubaya wowote. Ndivyo Fundi alivyofundishwa kazi.

Jumatatu moja Fundi aliamka na mafua makali. Mwili ulimuuma, pua ilimchuruzika.

"Leo pumzika," nikamwambia.

"Nikipumzika, hizi sare zitajishona?" akajibu, akapiga chafya juu ya kitambaa.

Kisha akafungua kopo la vifungo. Humo tulihifadhi dawa za rangi mbili, zilizobaki nilipotibiwa jipu. Akameza mbili. "Jumatano nitakuwa mzima," akasema.

Jumatano hakuwa mzima. Na Mama naye alianza kukohoa.

Mama ana pumu. Kwa mtu wa pumu, mafua si mchezo. Alhamisi asubuhi kifua kilikuwa kikimlia filimbi. Alianza kunigombeza kwa sababu ya tundu lililopinda, akanyamaza katikati. Pumzi ilikuwa haimtoshi. Mama huyu haishiwi maneno, kwa hiyo niliogopa kwelikweli.

Fundi akalikimbilia kopo. "Mama, meza hizi mbili."

Wakati huo jirani yetu muuguzi aliingia na gauni lake la kazi, lipanuliwe kiunoni. Alimtazama Mama, akalitupa gauni mezani.

"Pampu yake ya pumu iko wapi?"

"Chumbani," nikasema. "Huwa anaitunza isiishe haraka."

"Anaitunzia nani? Ilete! Na wewe Fundi, hizo dawa nipe mimi. Twendeni kituo cha afya sasa hivi."

Kituoni walimvutisha Mama dawa, wakasema atabaki mpaka kesho. Sisi tukakaa kwenye benchi nje. Fundi alikaa mbali kidogo na watu, barakoa usoni. Hakutulia.

"Dada," akamwambia muuguzi, "rangi mbili zina kosa gani? Si zilimponya mke wangu?"

"Zilitibu jipu. Jipu lile lililetwa na bakteria. Mafua huletwa na virusi."

"Si vyote ni vidudu tu?"

"Ngoja nikueleze kifundi. Bakteria ni kama fundi mwenye cherehani yake. Anajilisha, anazaana mwenyewe. Hizo rangi mbili ni antibiotiki. Zinamharibia cherehani, kazi inasimama. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Kirusi hana cherehani. Hana hata kigoda! Ni mdogo kuliko bakteria, na alicho nacho ni mchoro tu wa kukatia, umefungwa ndani ya ganda. Peke yake hawezi kuzaana. Basi anaingia kwenye seli. Seli ni vyumba vidogo sana vilivyojenga mwili wako. Humo anatandaza mchoro wake. Seli inaacha kazi yako, inamshonea yeye virusi wengine, maelfu. Wakitoka, wanavamia vyumba vya jirani."

Fundi alikunja uso. "Cherehani yangu, uzi wangu, halafu nguo zake?"

"Ndiyo hivyo."

"Mshenzi mkubwa!"

Tulicheka, ingawa mioyo yetu ilikuwa kwa Mama.

"Sasa niambie," muuguzi akaendelea, "rangi mbili zitamharibia cherehani ipi?"

Fundi alifikiri. "Hana... Kumbe nilimeza bure."

"Bure kabisa. Mafua mengi huondolewa na kinga ya mwili wenyewe. Wewe uisaidie kwa kupumzika, kunywa maji na kula vizuri. Virusi vingine vina dawa zake, lakini daktari ndiye huziandika. Vingine vina chanjo. Chanjo huifundisha kinga kumjua adui kabla hajaja. Mama akipona, tuulize hapa chanjo ya mafua."

"Na sisi tulimwambukizaje?" nikauliza.

"Mafua husafiri kwa mate na makamasi. Mtu akikohoa, akipiga chafya, au akishika pua kisha akamshika mwenzake."

Nikamweleza habari za uzi na pini. Muuguzi akashika kichwa.

"Uzi mmoja, ndimi tatu! Virusi hawakuhitaji hata nauli."

Fundi akainama. "Kidogo nimuue mama yangu," akasema.

"Hukujua. Sasa unajua."

Kesho yake Mama alirudi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekaa kwenye kiti changu?" Nilifurahi nusura nimkumbatie.

Siku hizi uzi tunauloweshea kwenye sponji yenye maji, na Mama ana kidude chake cha kutungia sindano. Kila mtu ana kimto chake cha pini. Mlangoni pana ndoo ya maji yenye bomba, na sabuni. Pampu ya Mama inakaa mfukoni mwake, na chanjo alishachomwa.

Msimu uliofuata Fundi alishikwa tena na mafua. Safari hii hakubisha. Alikaa chumba cha nyuma, dirisha wazi. Nilimpelekea chakula nikiwa na barakoa, nikanawa mikono. Siku ya tatu alichungulia dirishani, akamwona mama yake uani.

"Mama, nimechoka humu. Nitoke kidogo tu?"

Mama alirudi nyuma hatua mbili.

"Mwanangu, tumboni mwangu ulikaa miezi tisa bila kulalamika. Siku mbili zaidi humo ndani zitakushinda?"

Kisha akacheka, cheko refu la kuinua mabega, na pumzi ikamtosha mpaka mwisho.