Kikopo cha Mzee Kosmasi

Mimi ni Ketura, mhudumu wa afya wa kijiji, hapa karibu na Bwera, Uganda, mpakani na Kongo. Asubuhi nalima mihogo. Mchana napita nyumba kwa nyumba nikiuliza habari za choo, chandarua na kikohozi. Watu wananiita Mama Maswali, na mimi naitika. Kuuliza sioni haya. Siku moja tu niliona haya, na siku hiyo bado inaniuma.

Jirani yangu alikuwa Mzee Kosmasi. Mume wangu ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo Mzee alikuwa baba mkwe wangu. Aliishi na mkewe, Mama Docus, na mjukuu wao wa miaka minne, Naome. Binti yake, Mackline, alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamivu, ile ya juu kuliko zote.

"Mtoto bado anasoma tu?" watu walimtania Mzee sokoni.

"Anasoma kitu ambacho nyinyi hamkijui," alijibu. "Hata mimi sikijui!" Kisha alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mackline alinieleza kwa maneno mepesi. "Wifi, kifua kikuu kikiingia nyumba moja, huyu anaugua, yule haugui. Wote wanavuta hewa ile ile. Kinga ya mwili wa yule imefanya nini? Hicho ndicho natafuta."

Alihitaji makohozi na damu za watu walioishi na mgonjwa. Nyumba ya Mzee iliingia kwenye orodha, maana mdogo wake Tsongo aliugua humo mwaka uliotangulia, akatibiwa, akapona.

"Kwa wazazi wangu siruhusiwi kuchukua mwenyewe," Mackline aliniambia. "Nenda wewe. Simama naye nje penye hewa. Akohoe kutoka ndani ya kifua, yasiwe mate ya mdomoni. Na umwone kwa macho yako, Wifi."

Nilienda. Mzee alishika kikopo, akaniangalia.

"Mke wa mwanangu, utanitazama nikitema?"

Jamani, kwetu mkwe hafanyi hivyo. Nilishikwa na haya. Nikageuka, nikatazama migomba. Nilisikia anakohoa, kisha anaingia jikoni alikokuwa mkewe. Alirudi na kikopo kimefungwa vizuri. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Baada ya siku chache Mackline alinipigia simu akilia kwa furaha. "Baba hana TB, Wifi! Hana!"

Lakini Mzee aliendelea kukohoa. Kila asubuhi Mama Docus alianika shuka lililoloa jasho. Suruali ya Mzee ilianza kufungwa kwa kamba.

"Baba, kikohozi hiki kina wiki ngapi?" nilimuuliza.

"Maabara imesema sina kitu. Wewe unabishana na maabara?"

Nikanyamaza. Mimi, Mama Maswali, nikanyamaza! Miezi mitano ikapita hivyo.

Siku aliyotema damu tulimbeba hospitali. Walipima makohozi yake upya, wakakuta kifua kikuu, na mapafu yalikuwa yameharibika sana. Siku ya tatu alifariki. Mackline alifika jioni akakuta wanawake wameketi kwenye mikeka.

Baada ya maziko alimwendea mama yake.

"Mama, sielewi. Makohozi ya Baba yalikuwa safi. Majibu niliyaona mwenyewe."

Mama Docus alishika kichwa. "Yalikuwa yangu."

"Yako?"

"Baba yako alileta kikopo jikoni. Alisema, 'Docus, nikionekana na TB, mtoto ataacha masomo aje kuniuguza. Tema wewe. Akimaliza, nitakwenda kupimwa.' Na mimi nikatema."

Mackline alikaa chini kwenye vumbi. "Nilimshukuru Mungu usiku kucha," alisema. "Kumbe nilimshukuru kwa makohozi yako, Mama."

"Na mimi niligeuka," nilisema. "Mzee alinionea haya, na mimi nikamwonea haya."

Baadaye Mackline alisema polepole, "Nisingeacha masomo. Dawa ni za bure kituo cha afya cha serikali. Angemeza vidonge hapa hapa nyumbani, miezi sita, bila kuruka siku. Baba angepona kama Baba mdogo Tsongo."

Mama Docus alilia kwa sauti. Hilo lilimuumiza kuliko kaburi.

Kesho yake sikungoja. Niliwapeleka wote kituo cha afya. Mama Docus hakuwa mgonjwa, akapewa vidonge vya kuzuia. Naome alikutwa na kifua kikuu. Mtoto mdogo kinga yake bado changa, na alikuwa akilala kifuani kwa babu. Kila siku nilikwenda kumwona akimeza dawa. Nilihesabu siku hizo kwa hofu. Mwezi wa sita wa dawa walisema amepona, na alikuwa ameongezeka uzito.

Mackline alikiondoa kikopo kile kwenye utafiti wake, akaandika sababu bila kuficha. Alimaliza. Sasa anaitwa Daktari. Tulipika, tukala, lakini hatukucheza. Kiti cha Mzee kilikuwa kitupu.

Mwezi uliopita niliita mkutano pale senta, penye maduka. Nilieleza dalili: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, homa. Watu walisinzia. Ndipo Mama Docus akasimama.

"Mume wangu alikuwa mgonjwa," alisema. "Nilitema mahali pake ili tumfiche mtoto wetu ugonjwa huo. Tulifaulu kumficha. Nikamzika."

Akakaa. Hakuna aliyesinzia tena.

Nyuma alikuwapo Jean-Bosco, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Kongo. Alikuwa akikohoa, na jana yake alikuwa amenikabidhi kikopo alichokuja nacho kutoka nyumbani. Alisimama taratibu, kofia mkononi.

"Mama Ketura," alisema, "ile kikopo ya jana haiko yangu. Iko ya bibi yangu. Unipatie ingine."

Kwao bibi ni mke. Nilimpa kingine. Tulitoka nje pamoja, mimi na yeye. Alikohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, na mimi sikugeuka.