Ulimi wa Babu

Kila jioni kabla ya chakula, Chiriku alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine darasani kwao aliyekuwa nayo. Aliketi kando ya babu yake mezani, akachota kijiko kimoja kutoka kwenye sahani ya babu, akaonja, kisha akaeleza.

"Maharage yameiva vizuri leo, Babu. Chumvi imepungua kidogo. Vitunguu mama ameviunguza, lakini si sana."

"Nimekusikia," mama alisema kutoka jikoni. "Na mwonjaji ndiye atakayeosha vyombo."

Babu alicheka, akaanza kula taratibu huku amefumba macho, akiyatafuta maharage kwa maneno ya mjukuu wake.

Chiriku halikuwa jina lake. Babu alimpachika jina hilo la ndege kwa sababu ya mdomo wake usiojua kutulia. Kazi ya kuonja nayo alipewa na babu, baada ya homa kali iliyoingia nyumbani mwao mwaka uliopita ikawalaza babu na bibi kwa pamoja. Bibi hakuinuka tena. Babu aliinuka, lakini pua na ulimi wake vilibaki kama vimekufa ganzi. Hakusikia harufu wala ladha. Pilipili ilimuunguza tu, na sukari kwake haikuwa na tofauti na mchanga. Daktari alisema huenda hali hiyo ingepona, huenda isipone. Haikupona.

Jambo hilo lilimuumiza babu kuliko alivyokuwa tayari kukiri, kwa maana alikuwa mtu wa kula. Katika ujana wake alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, akizunguka mji hadi mji na sanduku lake la vifaa, huku bibi akifuatana naye kuuza nyuzi na vifungo. Usiku walilala popote palipopatikana, ila kwa chakula walichagua. Walikula kwenye vibanda na mikahawa midogo, na walijua kila mahali. Babu aliweza kusahau jina la mshonaji ambaye yeye alimtengenezea cherehani, lakini hakusahau nani anakaanga mayai vizuri katika mji gani.

Shule zilipofungwa, babu alisema, "Nataka niipite tena ile njia yetu. Nile pale tulipokula."

Mama aliweka mwiko chini. "Baba, utakwenda kula nini na huonji kitu?"

"Nakwenda na ulimi wangu," babu akajibu, akamshika Chiriku begani.

Mama alimtazama baba yake, akaona hakuna wa kumgeuza. Kesho yake asubuhi babu na mjukuu wakapanda basi.

Mahali pa kwanza palikuwa kibanda cha mayai karibu na kituo cha mabasi. Mpishi alikuwa mzee mwenye mvi, mwepesi wa mikono. Alipomwona babu alipiga kelele za furaha, akavunja mayai bila hata kuuliza wanataka nini.

Chiriku alionja. "Laini katikati, Babu. Pembeni yamekauka, yanalia kama majani makavu. Na mkate una joto, siagi imeyeyuka yote."

"Hapo pembeni palipokauka!" babu alisema. "Bibi yako alikuwa akinipokonya hapo."

"Naye yuko wapi, yule mama wa vifungo?" mpishi akauliza. "Umemwacha nyumbani?"

Babu alitikisa kichwa tu. Mpishi alielewa. Akazima jiko, akavuta kigoda, akaketi nao kimya mpaka babu alipomaliza sahani yake. Wateja wengine wakasubiri bila kunung'unika. Chiriku alimwona babu akijifuta macho kwa kiganja, lakini uso wake ulikuwa na nuru ambayo hakuwa ameiona tangu bibi afariki.

Mahali pa pili mambo yalikuwa mengine. Ulikuwa mgahawa wa chai kando ya gereji, na mwenyewe wa zamani alikuwa ameshauuza. Chiriku alionja akasema ukweli kama kawaida yake.

"Chai ina moshi, Babu. Na hivi viazi vimekaangwa kwa mafuta yaliyochoka."

Babu aliweka kikombe chini. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Bibi yako alikuwa akisema hakuna chai kama ya hapa." Uso ukamshuka. Hakuigusa tena ile chai. Ndani ya basi aliegemea dirisha, hakusema neno hadi walipofika mji uliofuata. Chiriku naye, ambaye kwa kawaida alimsimulia babu hata habari za ng'ombe waliokuwa wakipita barabarani, alifunga mdomo. Alijiona kama amempokonya babu kitu. Akaapa moyoni kwamba hatakirudia kitendo hicho.

Katika mji wa tatu walifika nyuma ya soko la mbao, kwenye mgahawa wenye meza chache na pazia la maua mlangoni. Babu alisimama nje kwanza. Alirekebisha kola ya shati lake.

"Hapa ndipo nilipomwambia bibi yako nataka kumuoa," alisema. "Tulikuwa tunakunywa supu ya samaki. Unajua alifanya nini? Aliimaliza supu yote kwanza, akapangusa mdomo, ndipo akanijibu."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilitoka jasho."

Mpishi wa zamani alikuwa ameshafariki. Binti yake ndiye aliyeendesha mgahawa, mwanamke mpole aliyekuwa akipenga kamasi kila mara kwenye kitambaa. Alileta bakuli la supu linalofuka moshi, akabaki amesimama pale karibu.

Chiriku alichota kijiko. Kabla hakijafika mdomoni, harufu ilimpiga. Juu kulikuwa na limau na pilipili, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya kitambaa kilichosahauliwa kikiwa kibichi. Alionja. Ulimi ulimwasha kwa uchachu. Alimeza kwa shida.

Babu alikuwa amemkazia macho. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Ikoje?"

Chiriku alikumbuka ile safari ya kimya ndani ya basi.

"Tamu, Babu," alisema. "Tamu sana."

"Limau lipo?"

"Lipo."

"Ni ileile?"

"Ileile."

Babu alifumba macho, akaanza kunywa. Machozi yalimtiririka wazi, naye hakuyafuta. Alipomaliza bakuli aliomba la pili.

"Na wewe binti, mbona hunywi?" mwenye mgahawa akauliza.

"Nimeshiba."

"Lakini supu ni nzuri?"

"Nzuri," Chiriku alisema, bila kumtazama usoni.

Seremala aliyekuwa meza ya jirani aliwasikia, akaagiza supu naye.

Mchana huohuo, katika nyumba ya wageni, babu alijikunja kitandani akishika tumbo. Alitapika mpaka akaishiwa nguvu, akawa anatoka jasho la baridi. Mhudumu wa pale aliita gari, wakampeleka hospitali. Chiriku alishika kofia ya babu njia nzima.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya haraka, alimpima babu presha, akambonyeza tumbo. "Mzee, leo umekula nini?"

"Chakula hakina kosa," babu alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Mjukuu wangu aliionja supu. Yeye hakosei."

Daktari akamgeukia Chiriku. "Ni kweli? Chakula kilikuwa kizima?"

Chiriku aliitazama ile kofia. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi kwa umri wake sina budi kuuangalia moyo," daktari akamwambia muuguzi. "Huenda tukampeleka hospitali ya mkoa. Tayarisheni gari." Akatoka.

Chiriku alibaki ameduwaa. Safari nyingine, babu akiwa katika hali ile! Hapo mlango ukafunguliwa, na watu wawili wakaingia wakimshikilia mtu aliyejikunja kwa maumivu, uso umempauka. Alikuwa yule seremala.

Chiriku alitoka mbio, akamkuta daktari katikati ya ukumbi, akamshika koti.

"Nilidanganya! Supu ilikuwa imeharibika. Ilinuka, ilikuwa chachu, nami nikamwambia Babu ni tamu. Na yule kaka naye aliinywa. Ilikuwa pale nyuma ya soko la mbao." Alisema yote kwa pumzi moja, akaangua kilio.

Daktari hakumgombeza. Alimwita muuguzi, akaagiza dripu kwa wagonjwa wote wawili, akasema gari lisitoke. Kisha akapiga simu kwa bwana afya aende mgahawani kabla watu wengine hawajala. Alipomaliza ndipo alipoinama.

"Ulipaswa kuniambia nilipokuuliza," alisema. "Lakini bado tuna muda. Nenda ukakae na babu yako."

Jioni mwenye mgahawa alikuja, aproni bado iko kiunoni. Alisimama mlangoni mwa wodi kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia.

"Friji ilizimika bila mimi kujua," alimwambia Chiriku. "Nina mafua makali, sisikii harufu yoyote. Ndiyo maana nilikuuliza, mwanangu. Ungesema tu, ningeimwaga yote."

Laiti angefoka. Sauti yake ya upole ilimchoma Chiriku kuliko fimbo.

Alipoondoka, Chiriku alimkaribia babu kitandani, akamweleza kila kitu. Babu alisikiliza.

"Kwa hiyo haikuwa ileile," alisema hatimaye.

"Haikuwa, Babu."

"Nami nilidhani nimeipata." Akageukia ukutani.

Muuguzi alipoleta uji, babu alikipokea kikombe mwenyewe, akaunywa bila kumwita Chiriku auonje. Chiriku alikaa kwenye kiti akitazama mgongo wake, mikono yake ikiwa haina kazi. Tangu bibi afariki, hakuwahi kuhisi upweke wa namna ile.

Mama, aliyepigiwa simu na hospitali, alifika asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Daktari alimweleza kwamba mzee na seremala wote wangepona, lakini mwili wa mzee ulikuwa umedhoofika sana. Asingeweza tena kusafiri kwa mabasi. Ulikuwa umebaki mji mmoja katika ile njia ya babu na bibi, na sasa asingeufika.

Babu aliisikia habari hiyo, akakaa akitazama dari. Muuguzi akaleta uji mwingine. Safari hii babu alikipokea kikombe, akakishika kidogo, kisha akamnyooshea Chiriku.

"Ukoje?"

Chiriku alionja. "Mbaya, Babu. Hauna chumvi wala sukari. Unga haujaiva, una madonge. Lakini haujaharibika."

"Vema," babu alisema, akaupokea na kunywa. Kisha akamvuta mjukuu wake akae kitandani.

"Nisikilize. Kilichoniuma si ule ugonjwa. Chakula huharibika, watu nao huondoka, hayo nimeyaona. Lakini mimi sina pua wala ulimi, ninakula kwa kukuamini wewe. Uliponidanganya uliniacha peke yangu mbele ya lile bakuli."

"Sikutaka uhuzunike tena."

"Ningehuzunika, ni kweli. Tungehuzunika wote wawili, tukanawa mikono, tukaondoka. Huzuni haikunilaza hapa, Chiriku. Supu ndiyo iliyonilaza, ikamlaza na yule kijana wa watu pia." Alipumzika kidogo, pumzi zikimpanda. "Bibi yako alinikosoa maisha yetu yote. Nikisifu chakula kibovu, ananiambia hapohapo, hata mbele ya mpishi. Kwa hiyo aliposema kitu ni kitamu, nilijua ni kitamu. Ukimpenda mtu, mpe ukweli ingawa utamliza. Atalia, kisha ataendelea kukuamini."

Chiriku aliweka kichwa chake begani mwa babu, akalia. Babu naye alilia, kwa ajili ya supu ambayo haikuwepo tena, na kwa ajili ya aliyekuwa akiinywa pamoja naye. Mama alifunga mlango wa wodi polepole, akaja kuketi nao.