Nilifuta Ghala la Somoe

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa, mjane mwenye watoto wawili, naishi Lindi mjini. Haya ninayoyaandika hata marehemu mume wangu sikuwahi kumwambia. Msidhani naandika huku nalia. Machozi yalikauka zamani... kilichobaki ni ganzi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba barabarani anafungua biashara. Mzee Chilumba, mwalimu mstaafu wa kule Rondo, akafungua kituo cha kompyuta na kutuajiri wasichana wawili: mimi na Somoe, binti kutoka kijiji cha Sudi. Tulipanga chumba kimoja, tukala sahani moja. Watu walidhani tumezaliwa tumbo moja.

Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu. Kupakua sidii moja ya kuwekea mfumo kwenye kompyuta kulichukua wiki nzima, na laini ikikatika katikati... unaanza upya!

Somoe ndiye aliyepata njia. Badala ya kupakua sidii nzima kila toleo jipya linapotoka, alitunza vipande vyake, yaani programu mojamoja, kwenye diski kubwa tuliyoiita ghala. Toleo jipya likija, alipakua orodha ndogo tu. Kompyuta ilisoma orodha, ikachukua ghalani vilivyomo, ikafuata mtandaoni vichache vilivyopungua, kisha ikaviunga vyote kuwa sidii kamili. Kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja.

Walimu na makarani walitoka Kilwa Masoko, wengine Nachingwea, na wote walimuulizia Somoe. Mzee Chilumba akamchagua aende Dar es Salaam kusomea zaidi. Mimi nilimkumbatia, nikampongeza. Moyoni nilikuwa nauliza, kwa nini yeye?

Kabla hajaondoka, bibi yake alifariki, akaenda Sudi kuzika. Nikabaki na ghala. Asubuhi moja, wateja hawapo, nikakaa kwenye kiti chake... nikafuta. Folda baada ya folda. Nilijiambia kwamba nasafisha, kwani diski ilikaribia kujaa. Uongo! Nilitaka aonekane mzembe. Basi.

Somoe alirudi Jumanne. Kesho yake akaja Mwalimu Hamisi wa Likawage, suruali imejaa tope hadi magotini, maana mvua zilikuwa zimekata njia na sehemu kubwa alitembea kwa miguu. Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta nne zilizokwisha tumika, hazina mfumo ndani. Mfadhili alisema akipita Jumatatu akazikuta haziwaki, anazihamishia shule nyingine.

Somoe akampa kiti, akamwambia sidii itakuwa tayari kabla ya adhuhuri. Akafungua ghala. Karibu kila kipande hakipo! Na laini ya simu ilikuwa imekufa tangu mvua ya usiku uliotangulia.

Mzee Chilumba akauliza nani amegusa diski.

"Diski anaitunza Somoe," nikajibu.

Maneno matatu, wasomaji wenzangu. Somoe aliniangalia, kisha akaigeukia mashine. Mwalimu Hamisi alingoja mpaka alasiri, akashukuru, akaondoka mikono mitupu. Baadaye tulisikia kompyuta zilichukuliwa.

Jumamosi Somoe akafukuzwa kazi. Nafasi ya Dar nikapewa mimi. Nilikwenda, nikasoma, nikapewa cheti mbele ya watu wanaopiga makofi. Nilingoja furaha ije... haikuja.

Ilipita miaka kumi na miwili ndipo nikafunga safari ya Sudi. Nilimkuta Somoe nyuma ya nyumba, anaanika pweza. Akanitandikia mkeka, akaniletea chai. Nikamwambia yote. Alisikiliza huku anageuza pweza wake.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mashine iliandika tarehe ya kufuta. Tarehe hiyo mimi nilikuwa hapa, kwenye matanga ya bibi."

Nikamuuliza kwa nini hakumwonesha Mzee Chilumba.

"Nilitaka useme mwenyewe, dada. Nikangoja. Jumamosi ikafika, ukanisaidia kufunga mizigo."

Ni kweli. Nilimfungia godoro lake kwa mikono yangu hii.

Nikaomba msamaha. Alisema amekwisha kunisamehe, kwa sauti ya mtu anayeitikia salamu ya mpita njia. Hakuniuliza habari za wanangu. Hakuniambia nirudi tena.

Ndugu zangu mnaosoma, kijicho kikikuingia kwa mwenzako, kitaje mapema, hata kwake mwenyewe. Na kama umeshamsingizia mtu, nenda ukaseme leo, angali anangoja. Msisubiri kama nilivyosubiri mimi! Jioni ile nilirudi Lindi, nikapika, nikala, nikalala usingizi mzito mpaka asubuhi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.