Miche Arobaini na Minne

Uvumi ulinifikia Mlandege, nikichagua kanga dukani kwa Bi Nasima. Alinambia mwanangu Ummukulthum anajifungia chumbani na kompyuta, anaandikiana na wanaume wa nje, ndiyo maana yule kijana wa Kizimbani kamkimbia. Nilicheka, nikalipa, nikaondoka. Lakini maneno yale nilipika nayo na nilisali nayo. Mimi niliishia darasa la saba, kazi ya mwanangu sikuwa nikiielewa, basi yakanikaa.

Mambo yalivyokuwa nilikuja kuelezwa baadaye na wenyewe.

Kulthum alimaliza chuo Tunguu, alama nzuri, kazi hakuna. Akawa anaandikia majarida ya kisayansi akiomba kusahihisha makala za wataalamu kabla hazijachapwa, kazi ya kufanyia nyumbani. Siku moja alikwenda kutoa nakala ya cheti chake Mlandege. Kavaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau, kalamu nyekundu kaichomeka kwenye mkoba. Duka limejaa watu. Kijana mrefu, shati jeupe lina doa la udongo, ananukia karafuu, akaweka karatasi zake juu ya mkoba ule.

"Kaka, samahani. Hapa umeandika 'Picha ya pili' mara mbili. Ya tatu iko wapi?"

"Unasoma karatasi za watu?"

"Umeniwekea mwenyewe."

Kijana akacheka. "Mimi Munir. Nnatafiti miche ya mikarafuu Kizimbani. Na wewe unaitwa nani?"

"Tafuta picha ya tatu kwanza."

Aliitafuta, na jina akalipata. Simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?"

"Nshakula. Wewe je?"

"Nnahesabu majani tangu asubuhi. Kila nnachokitazama nnaona jani."

"Na mimi utaniona jani?"

"Wewe nshakuhesabu. Uko mmoja tu."

Mhariri wa jarida moja alikubali kumjaribu Kulthum, lakini alitaka barua ya mtu aliyewahi kusahihishiwa kazi naye. Munir akampa makala yake. Kulthum akaona mwanzoni imeandikwa miche arobaini na minane, mwishoni arobaini na minne. Akadhani Munir kachoka tu. Akaifanya yote arobaini na minane, hakuuliza, na jedwali la nyuma hakulitazama. Munir kwa kumwamini akaipeleka kwenye jarida vile vile.

Makala ikarudishwa. Munir akaulizwa vipi miche iliyokufa kwenye jedwali imefufuka kwenye maelezo. Mkubwa wake wa kazi, Bwana Makungu, akamsema mbele ya wenzake. Munir akampigia Kulthum.

"Kulthum, ile minne ilikufa. Ililiwa na mchwa, nimeing'oa kwa mikono yangu."

"Nilidhani umekosea."

"Ungeniuliza."

"Nilitaka kazi yako ikae vizuri, Munir."

"Umenifanya mwongo."

Akakata simu. Barua nayo ikapotea hapo. Wiki tatu mwanangu akawa ndani, anakula kidogo, macho kwenye kompyuta. Hayo ndiyo yaliyomfikia Bi Nasima.

Hasira za Munir zilipokwisha akapiga. Kulthum yumo anaoga, simu iko mezani, imeandika Munir. Nikaipokea mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu mwache, Munir. Ana mtu mwengine huko kwenye kompyuta."

Nilisema vile makusudi, ukweli wake sikuujua. Nilitaka mtaa ujue kuwa kaacha, sio kaachwa.

Kisha nikaingia chumbani mwake nimuone huyo mtu. Kwenye kompyuta nikakuta makala ya mwani, pembeni maandishi mekundu: Mwandishi, hapa ni kumi au kumi na mbili? Tafadhali thibitisha. Ukurasa mzima maswali.

"Kulthum, na wanaume wako wapi?"

"Wanaume gani, mama?" Alikuwa mlangoni, nywele zinachuruzika maji. "Huyu ni yule mhariri aliyetaka barua, bibi wa miaka sitini, ananifundisha hata bila hiyo barua. Kanambia msahihishaji haruhusiwi kubadilisha nambari ya mtu. Anauliza pembeni, anangoja jawabu."

Nikakaa kitandani. "Basi na mimi nimebadilisha jambo lako, sikukuuliza."

Nikamweleza nilichomwambia Munir. Akanipa simu mkononi. Nikampigia Munir mwenyewe, nikamwambia nilisema uongo, na sababu yake.

"Mama, Kulthum yupo?"

"Yupo, analia."

"Mwambie nampelekea makala. Nimeirekebisha. Aisome yote safari hii, na jedwali."

Ikaja: miche arobaini na minane ilipandwa, minne ililiwa na mchwa, ikabaki arobaini na minne. Nyuma yake barua ya kumsifu kwa yule mhariri. Na pembeni ya ukurasa wa mwisho Munir kaandika: Mwandishi anauliza, wazee wangu waje Ijumaa kuposa?

Kulthum akanigeukia. "Mama, unasemaje?"

"Umeulizwa wewe."

Akaandika kwa rangi nyekundu: Imethibitishwa. Waje baada ya Alasiri.

Jarida sasa linampa makala moja moja. Nyinyi mnaotafuta kazi hii, na mama zenu, haya myaepuke:

Usibadilishe nambari ya mtu kabla hujamuuliza.

Usimlipe anayetaka umlipe ndipo akupe kazi.

Usisahihishe makala nzima bure kwa jina la majaribio. Kurasa mbili zinatosha.

Usimuoneshe mtu karatasi za mwengine.

Usipokee simu ya mwanao.

Usichukue habari za mwanao duka la kanga, naye yumo chumbani na mlango hakuufunga kwa ufunguo.