Walininyamazia Siku Nne, Nami Nikamtaja Zipora

"Ni Zipora!"

Jina lilinitoka kabla hata sijajua kama nimefungua mdomo.

Gregory, msimamizi wetu, akatabasamu.

"Ahsante, Mama Noela. Umejiokoa."

Jamani, msinihukumu kwanza... nisikilizeni.

Mimi nachambua dengu kwenye godauni moja hapa Shinyanga mjini, jina nalihifadhi. Tuko wanawake zaidi ya thelathini. Tunakaa chini na nyungo zetu, tunatoa mawe na punje mbovu, saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Na muda wote huo mlango umefungwa kwa kufuli, KWA NJE! Eti tusiibe dengu.

Alhamisi moja mwenzetu Mageni akadondoka. Vumbi, joto, na mimba ya miezi saba. Tuligonga bati la mlango mpaka viganja vikavimba. Mlinzi mwenye ufunguo alikuwa kaenda kunywa chai! Anakuja kufungua, Mageni hajitambui. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Mungu alisaidia, akapona yeye na mtoto tumboni.

Kuanzia kesho yake nikaanza kuona mambo.

Nikifika walipo wenzangu... kimya!

"Mwangaluka!" nawasalimia Kisukuma, kama kila siku.

Hakuna anayeitikia. Wote wanainamia nyungo. Hata Zipora, shoga yangu wa miaka sita, ambaye tulikuwa tunakula sahani moja!

Kama hukulelewa Usukumani huwezi kujua kimya hicho kina maana gani. Kwetu mtu akiwakosea watu, anatengwa. Hapewi salamu, hapewi hata kaa la moto, na akifiwa anazika mwenyewe. Nikiwa na miaka tisa nilimwona mama yangu mkubwa akitengwa. Alikonda, akawa anaongea na mbuzi wake.

Basi nikaanza kujihoji. Nimekosa nini mimi? Mawe yananipita kwenye ungo siyaoni. Na nilishindwa kuuliza, maana niliogopa jibu.

Siku ya nne, saa nane mchana, Gregory akaniita ofisini. Akafunga mlango.

"Wanapanga mgomo, eti mlango usifungwe. Kiongozi nani?"

"Sijui bosi. Haki ya Mungu sijui!"

"Kile chumba unachokaa ni cha nani?"

Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi pale. Alipofariki, mimi na binti yangu Noela tukaachiwa chumba chake, humo humo ndani ya uzio wa godauni. Sina pengine pa kwenda.

"Jina moja tu. Ukishindwa, leo hii vitu vyako viko barabarani."

Wasomaji wangu, sikuwa najua LOLOTE! Ila nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira. Nikawaza, si wamenitenga? Kimya cha Zipora ndicho kilichoniuma kuliko vyote.

Nikamtaja.

Asubuhi yake nikachungulia dirishani. Wenzangu wako getini. Lori la kwenda Dar limeshapaki, linasubiri mzigo. Gregory kasimama na mabaunsa wawili.

"Zipora, wewe kazi huna! Wengine wote ndani, haraka!"

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema ndani!"

Mmoja akaketi chini, kwenye vumbi. Wa pili akaketi. Wote wakaketi!

Gregory akawasogelea, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akanyoosha kidole... kwenye dirisha langu.

Wote wakageuka kunitazama.

Kimenuka!

Wakainuka. Wakapita pale pale mbele ya mabaunsa, wakaanza kuja kwangu. Nikakomea mlango. Nikamsukumia Noela uvunguni mwa kitanda.

"Mama Noela, fungua!" Sauti ya Zipora.

"Nisameheni jamani! Msiniue mbele ya mtoto!"

"Nani kasema kuua? Fungua bwana, tubebe vitu!"

Nikafungua huku nimejikunyata, nikisubiri kofi. Hakuna aliyeshika fimbo. Walishika viroba vitupu.

"Haya, fungasha," akasema Zipora.

"Kufungasha nini?"

"Chumba kimepatikana. Ngokolo, kwa mama mkwe wake Mageni. Jana tumekifagia."

"Chumba? Mbona hamkuniambia?"

"Mayu, mama yangu, ungejua, Gregory angekukamua mpaka useme. Tukaona heri usijue kitu. Na tungegoma wewe ukiwa bado humu, wa kwanza kutupwa nje ungekuwa wewe. Siku zote hizi tunazunguka kukutafutia chumba!"

"Na salamu je? Mlininyima hata salamu, Zipora!"

Akaangalia chini.

"Gregory alikuwa anachunguza unaongea na nani. Tukaogopa, tukapitiliza. Hapo tulikosea."

Nikapiga magoti. Machozi hayo!

"Zipora... mimi ndiye niliyekutaja."

"Najua. Ametutangazia sasa hivi pale getini."

"Umejua, na bado umekuja?"

"Tukikuacha wewe leo, kesho atambana nani? Atambana Mageni! Inuka, beba hiyo ndoo."

Nilitoka na ndoo kichwani, nikapita mbele ya Gregory bila kumtazama. Nikaketi nao getini. Tajiri mwenyewe, mwenye godauni, alikuja. Akaita mmoja mmoja pembeni, huyu anaahidiwa usimamizi, yule anatishiwa polisi. Kila aliyeitwa alirudi akaketi. Niliogopa siku ile kuliko siku zote, lakini sikuinuka.

Saa tisa alasiri, dereva wa lori kashachoka kupiga honi, tajiri akakubali madai yetu. Zipora akarudi kazini, na tangu siku hiyo tunachambua mlango ukiwa wazi. Gregory yupo bado. Siku hizi anatusalimia yeye kwanza.

Siandiki haya kujisafisha. Zipora alinisamehe siku ile ile, mimi mwenyewe ndiye bado. Kama wenzako wamekunyamazia, waulize kabla hujaingia ofisini kwa bosi. Na nyie mnaopanga kumlinda mwenzenu, mwambieni hata neno moja, asibaki na hofu peke yake.

Mimi nilibaki nayo peke yangu siku nne tu, nikamuuza rafiki wa miaka sita.